Kichaka Mlangoni kwa Arvella Toby

Arvella Toby yu hai, na ndiyo maana naweza kumtaja jina. Ana miaka themanini na minane, anasikia kuliko mimi, na jana tu alinifokea kwa sababu nilimpelekea kahawa iliyopoa. Angekuwa ametutoka, ningemwita "yule bibi wa nyumba ya kona" na basi, kwani sisi Wapaiute, wenyeji wa asili wa Nevada huku Marekani, hatutaji majina ya marehemu. Ukimwita marehemu kwa jina unamsumbua njiani, unamgeuza shingo wakati anakwenda zake. Nalisema hili mapema kwa sababu hasira yangu yote imekaa hapo.

Na hasira ninayo. Miaka miwili imepita, na bado nikifika ofisi ya nyumba za mtaa, ambako mimi ni karani, natamani kuupiga mlango teke, ijapokuwa ni mimi ninayeufungua kila asubuhi na mshahara wangu unatoka humo humo.

Nianze na kichaka chenyewe. Hatua nne kutoka mlangoni kwa Arvella pamesimama kichaka cha seji, seji ya porini, ile ya kijivu inayofunika Nevada yote kuanzia kando ya barabara hadi vilimani. Watu wa mjini Carlow wanaiita magugu. Kichaka hiki kinanipita kimo. Shina lake limejisokota kama nguo inayokamuliwa, magome yananing'inia nyuzinyuzi, na kila jani dogo lina meno matatu kwenye ncha. Mvua ikinyesha, na hapa kwetu mvua ni mgeni wa nadra, harufu yake chungu na safi inaingia hadi vyumbani. Hata Floyd Sam, jirani yetu ambaye haamki kabla ya saa sita mchana, hutoka nje kuinusa.

Arvella alizaliwa mwaka 1925 katika vibanda vya nyuma ya ranchi, ambako mama yake alikuwa akifua nguo za wenye ng'ombe. Mama huyo alimfundisha mambo ya seji kabla hajamfundisha kusuka nywele. Ukiwa na kikohozi unachemsha majani machache, machache tu, maana ukizidisha tumbo litakusimulia. Ukitoka mazikoni unanawa uso kwa maji yake kabla hujamgusa mtoto. Magome unayasokota kamba. Na kabla ya kuchuma unasema nayo: unaiambia wewe ni nani na unamchumia nani, unaacha shanga moja au chembe za tumbaku, ndipo unachukua.

Kisha wakampeleka shule ya bweni, ambako watoto wetu walikuwa wanakwenda kusahaulishwa lugha na desturi zao. Matroni alikuta kifuko cha majani ya seji chini ya mto wake, akakitupa kwenye jiko la kuni mbele ya wasichana wote ili wapate funzo.

"Ikaungua polepole," Arvella hupenda kusimulia, "bweni zima likajaa harufu ya nyumbani. Wasichana waliokuwa wanalia wakanyamaza. Alitufukizia mwenyewe, mjinga yule, wala hakujua!"

Huwa anacheka anapofika hapo. Mimi sijawahi kucheka.

Sasa sikiliza desturi ya akina mama wa mtaa wetu. Kitovu cha mtoto kikidondoka, mama hakiziki. Anakifunga kwa uzi wa gome la seji ndani ya kichaka kilicho hai, karibu na mlango ambao mtoto atautumia, ili awe mgumu kama mti ule na ajue njia ya kurudi. Halafu mama anafunga mdomo. Mtoto mwenyewe haambiwi, wala baba, wala jirani, maana anayejua kitovu chako kilipo anaweza kukuchezea maisha. Mama hufa na siri yake.

Arvella alizaa mara moja tu, mwaka 1948. Wakati huo nyumba yake ilikuwa ya mbao na mabati, na kichaka kilikuwa kinamfika kiunoni. Mtoto akakua, akavaa magwanda, akaenda Vietnam, hakurudi. Hata mwili haukurudi. Kilichokuja ni barua, pamoja na bendera iliyokunjwa pembetatu. Jina lake nalijua, lakini kwangu hutalipata. Wala Arvella hakumwambia mtu kitovu kile kipo wapi. Lakini sisi si vipofu. Kila asubuhi kwa miaka zaidi ya arobaini anatoka na kikombe chake, anakaa kwenye kiti cha mbao kando ya kile kichaka, ananong'ona mpaka kahawa iishe.

Mwaka 1971 serikali ilitujengea nyumba za matofali. Walianza kwa kuleta tingatinga, likakwangua mtaa mzima ukabaki mweupe kama sahani. Lilipofika kwa Arvella, lilimkuta ameshaweka kiti chake mbele ya kichaka na kikapu anachokisuka mapajani. Dereva akapiga honi. Arvella akasuka. Dereva akashuka, akaeleza, akapandisha sauti, akamwita msimamizi, na msimamizi akaleta ramani. Arvella akaitazama ramani, akamuuliza kama anajua kusuka. Siku tatu alikaa pale. Siku ya nne wakaamua kuisogeza nyumba badala ya kichaka, na mpaka leo nyumba namba 14 imekaa upandeupande, haijalingana na nyingine. Ng'ambo ya uzio nako mwenye ranchi alikuwa ameshang'oa seji yote apande majani ya ng'ombe. Kwa hiyo mtaa mzima ulibaki na kichaka kimoja.

Tangu hapo alianza kupanda. Mwezi wa Novemba anakung'utia mbegu kwenye mfuko wa karatasi, mbegu ndogo kama vumbi, ukipiga chafya umezipoteza. Anajaza mchanga kwenye makopo ya kahawa yaliyotobolewa chini, anangoja theluji, anazinyunyiza juu ya theluji yenyewe. Hazifukii, kwa kuwa mbegu ya seji ikifukiwa inakufa. Theluji ikiyeyuka inaziteremsha mchangani kidogokidogo, na majira ya kuchipua unaona nywele za kijivu ndani ya kopo. Miche hii alitugawia bure, mlango kwa mlango, na sisi tukaiua kwa huruma.

"Unainywesha kama ng'ombe!" alinigombeza mwaka mmoja, akichungulia kopo langu lililojaa maji. "Ingekuwa inataka maji ingezaliwa mtoni. Iache ione kiu, Marlys. Hata wewe ukinyweshwa hivyo utaoza."

Niliua miche minne. Floyd aliegesha gari juu ya wake.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka mwaka 2011, gazeti la Carlow lilipoandika kwamba mtaa wa Wapaiute unafanana na shimo la taka. Liliandika hivyo hivyo, na juu yake wakaweka picha ya gari bovu la Floyd. Wendell Abel, mwenyekiti wa kamati yetu ya nyumba, mtu wa miaka thelathini na tisa, alilibeba gazeti lile mfukoni wiki nzima kama mtu aliyetukaniwa mama. Kuumia kwake nakuelewa. Nisichokielewa ni kwamba aliyetutukana alimwacha, akatugeukia sisi.

Wilaya ilikuwa na shindano la mtaa safi. Mitaa minne ilikuwa inashindania tuzo moja, nayo ni benchi na kibao cha kusimamisha barabarani. Wendell aliapa benchi lile tutalikalia sisi. Akatunga kanuni: mbele ya kila nyumba pawe na ukoka wa kijani, uliokatwa, mmea wowote wa porini ung'olewe, na gari bovu liondolewe. Mwaka ule theluji ilikuwa imeyeyuka mapema, jua lilikuwa kali, visima vilikuwa vinatema mchanga, na sisi tunaagizwa kumwagilia ukoka! Kichaka ambacho hakijamwomba mtu hata kikombe kimoja cha maji ndicho kilichoitwa uchafu. Nikilikumbuka hilo nashindwa kukaa.

Barua nilizichapa mimi. Sitajificha nyuma ya mtu. Zilikuwa kumi na moja, nilizichapa asubuhi moja huku nikiwaza mkate wa kukaanga wa mchana, na ya tisa ilikuwa ya nyumba namba 14. Ilisema magugu makubwa yaliyo mbele ya nyumba yang'olewe ifikapo Ijumaa, tarehe 16 Septemba, la sivyo kamati itayang'oa kwa trekta. Chini yake Wendell akaniongezesha mstari wa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kamati ingempa bure miche sita ya seji ya bustani, yenye maua ya zambarau, kama mbadala. Niliisoma, nikaona haina makosa ya tahajia, nikaipeleka posta. Hivyo ndivyo nilivyoisoma.

Kesho yake Arvella aliingia ofisini akiwa na barua mkononi, skafu kichwani, viatu vya mazikoni miguuni. Akaketi bila kukaribishwa.

"Marlys, mwanangu. Hii umeiandika wewe?"

"Nimeichapa tu, Shangazi. Aliyeandika ni Wendell."

"Aa. Kwa hiyo wewe ni bunduki tu, mwenye kidole ni mwingine."

Akakunjua barua, akaweka kidole kwenye mstari wa chini.

"Na hii 'mbadala' ndiyo nini?"

"Maana yake wanakupa kingine badala yake."

"Badala ya nini?"

Nikaangalia meza. Akangoja. Ana uwezo mkubwa wa kungoja mwanamke yule, tingatinga linamjua.

"Seji ya zambarau ninayo dirishani," akasema mwishowe. "Nesi aliniletea, eti ni ile ile. Naitia kwenye mchuzi wa sungura, tamu kweli. Lakini ile ni kiungo, Marlys. Kiungo hakimkumbuki mtu."

Kisha akanyoosha midomo kuelekea ukutani nyuma yangu, ilipotundikwa bendera ya jimbo letu. Nimekaa chini ya bendera ile miaka kumi na mbili. Ina nyota moja, na chini ya nyota matawi mawili yamekutana, mabichi, yana maua ya njano. Ni seji.

"Na magugu yale ya ukutani," akauliza, "mtayang'oa Ijumaa hiyo hiyo, au hayo yana ruhusa?"

Nikampa fomu ya pingamizi. Aliijaza kwa mwandiko mzuri wa shule ya bweni: jina, namba ya nyumba, aina ya mmea, umri wa mmea. Kwenye mstari wa saba kalamu ikasimama. Mstari ule ulikuwa unasema: eleza sababu ya kutaka mmea ubaki, na utaje jina la mtu anayehusika.

"Nikuandikie mimi?" nikauliza.

"Uandike nini?"

"Sababu."

"Utamwandika nani hapo?"

Niliusoma mstari ule upya. Fomu ile niliitengeneza mimi, kwa kunakili ya wilaya, wala haikunipitia akilini kwamba nimeweka mstari ambao mama aliyefiwa hawezi kuujaza. Arvella akanirudishia ikiwa hivyo hivyo, mstari wa saba mtupu, akaondoka zake polepole.

Kikao kilifanyika Alhamisi saa kumi alasiri, kwenye ukumbi wa mtaa. Ukumbi ulijaa. Nyuma kabisa, karibu na birika la kahawa, alikaa Leland Hicks, dereva wa trekta, funguo zikimning'inia kidoleni. Kesho yake asubuhi kazi ilikuwa yake. Mimi nilikaa pembeni ya meza ya kamati na daftari la kumbukumbu.

Pingamizi la kwanza lilikuwa la Floyd, la gari lake.

"Ng'oeni," akasema Floyd, "ila leteni matingatinga mawili. Lile gari lina mizizi kuliko kichaka chochote hapa."

Watu wakacheka, Wendell naye akacheka kidogo, na mimi nikadhani labda mambo yatakwenda kwa amani. Kisha akaichukua fomu ya Arvella.

"Shangazi, kwanza nataka ujue kwamba tunakuheshimu sana."

"Heshima yenyewe umeiacha wapi? Mbona siioni hapo mezani?"

"Shangazi, tafadhali. Hili ni jambo la mtaa mzima. Wanatuita takataka. Wewe unapenda tuitwe takataka?"

"Mimi nimeitwa hivyo tangu kabla mama yako hajazaliwa. Hakuna hata siku moja nilichomoa mti wangu ili wanyamaze."

"Basi tufuate utaratibu." Akainua fomu. "Mstari wa saba umeuacha wazi. Hakuna sababu, hakuna jina. Siwezi kupitisha pingamizi lisilo na sababu. Nitawajibuje watu wengine niliowakatalia?"

Wazee wote wakatazama sakafu. Ronda Crutcher, aliyekaa kwenye kamati mkono wa kushoto wa Wendell, akamgusa kiwiko, lakini Wendell alikuwa ameshashika kasi.

"Kama kuna mtu anayehusika na kichaka hiki, Shangazi, mtaje. Jina moja tu. Karani ataandika, tutapiga kura, yaishe."

Niliiweka kalamu chini kwa kishindo. Mpaiute mzima, aliyelelewa kwa maziwa na kokwa za msonobari kama sisi sote, anamwambia mama ataje jina! Na si kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuwa amesahau tu. Alikuwa amelitazama benchi lile kwa muda mrefu mpaka akasahau yeye ni nani, na hilo ndilo lililoniuma kuliko ubaya wenyewe. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini huyu maana aliijua.

"Wendell, acha," nikasema.

"Karani haongei kwenye kikao."

"Nimesema acha!" nikasema, nikiwa nimeshasimama.

"Marlys, kaa chini," akasema Arvella.

Nikakaa. Yeye akasimama. Alisimama kwa kushika meza, akavuta pumzi, akamtazama Wendell kama anavyotazama kopo lililojaa maji.

"Unataka jina."

"Moja tu, Shangazi."

"Moja tu." Akacheka, kicheko kikavu. "Mama zenu watanisamehe. Mimi nimefunga mdomo miaka arobaini kwa ajili yao, na leo mmenifikisha pabaya. Marlys, shika kalamu. Andika kwa namba."

Nikaandika moja, nikaweka nukta.

"Wa kwanza," akasema, akainua kidole gumba. Kisha hakusema kitu. Kidole kilibaki juu. Floyd akavua kofia. Sikuandika chochote mbele ya moja.

"Wa pili," akasema. "Wewe, Wendell Abel."

Wendell akatikisa kichwa kama mtu aliyeitwa kimakosa.

"Mwezi wa tatu, mwaka 1972. Theluji ilikuwa hapa, magotini. Mama yako alikuja na ndara miguuni, kitovu chako amekifunga kwenye leso ya maua, analia. Ananiambia, Arvella, wamekwangua kila kitu, sina pa kumfunga mwanangu. Sina mti mlangoni. Nikamwambia, mlango wangu na wako ni mmoja, njoo. Tulikifunga pamoja, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Na kila siku niliyokaa pale nimekisemea na chako, kwa kuwa yeye alikuwa anakwenda kazini asubuhi, hawezi. Wa tatu, Ronda Crutcher."

Ronda akaweka mkono tumboni, juu ya kitovu, bila kujijua.

Akaendelea. Wa nne, wa tano, mabinti wawili wa Floyd, na Floyd, baba yao, ndiyo kwanza anasikia. Hakuwa na karatasi. Kila mmoja alimtaja na mwaka wake na hali ya hewa ya siku ile na kitambaa mama yake alichokuja nacho. Alipofika wa kumi na tisa akainua kidole, akanyamaza tena, na Ronda akainamisha kichwa mezani, kwa sababu aliwahi kuwa na mdogo wa kiume. Nikaandika namba, nikaacha nafasi. Wa ishirini na tatu nilikuwa mimi. Mama yangu yu hai, ana kisukari na ulimi mkali, tunakula pamoja kila Jumapili, hajawahi hata siku moja kuniambia. Niliandika jina langu mwenyewe kwenye daftari la kikao, na barua niliyoichapa mimi mwenyewe ikiwa imelala pale mezani, namba ya tisa, haina makosa ya tahajia.

"Wa thelathini na moja," akasema Arvella, "na ndiye wa mwisho, kwa sababu siku hizi mnazaliwa hospitali ya mbali na hicho kitu kinatupwa. Leland Hicks. Alizaliwa na mikono mikubwa. Mama yako alisema huyu atakuja kuwa fundi."

Watu wote wakageuka nyuma. Leland alikuwa ameshasimama. Akaja mbele taratibu na mabuti yake, akaziweka funguo za trekta mezani mbele ya mwenyekiti.

"Ijumaa naumwa," akasema. "Na Jumamosi naumwa. Ng'oa mwenyewe, Wendell. Anza na changu."

Wendell hakuzigusa. Alikuwa anaitazama ile fomu, pale kwenye mstari wa saba, na shingo yake imebadilika rangi. Nilimngoja aombe radhi, maana nilitaka sana kumsikia akiomba, nilitaka amwage machozi mbele ya watu kama alivyotaka kumwaga ya Arvella. Hakuomba. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Wanaokubali pingamizi," na akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

Benchi hatukupata. Tulikuwa wa nne kati ya wanne, kwa sababu mwamuzi aliandika kwamba nyumba ya kona ina kichaka kisichotunzwa. Kisichotunzwa! Ningekuwa na namba ya simu ya mtu yule ningemweleza neno kutunza lina maana gani. Oktoba, kichaka kilipotoa maua yake ya njano, Wendell alikuja kusimama kwenye geti la Arvella, kopo tupu la kahawa mkononi. Nilikuwapo, nilikuwa namkorogea Arvella sukari kwenye kahawa.

"Shangazi, mbegu zikikomaa, nipe na mimi."

"Mbegu za nini?"

Akatazama viatu vyake. "Za seji."

"Aa, nilidhani unataka za magugu. Za magugu zimekwisha." Akamwacha asimame pale mpaka akachoka, ndipo akamwonyesha kwa midomo mahali pa kuweka kopo. "Litoboe chini kwanza. Na ukilinywesha kama Marlys nitakuja kukunyang'anya."

Lakini kuna jambo moja zaidi, na ndilo linalonifanya nisiupige teke ule mlango. Wiki moja baada ya kikao nilipeleka kumbukumbu za kikao wilayani, kama kanuni inavyotaka. Zikarudi kwa posta. Mtu wa huko alikuwa amezungushia duara jekundu namba moja na namba kumi na tisa, na pembeni ameandika: majina hayajakamilika, jazeni.

Nilimpelekea Wendell mezani kwake, nikasimama nione atafanya nini. Alivitazama viduara vile viwili kwa muda mrefu. Kisha akachukua kalamu, akaandika chini yake, "Kumbukumbu hizi ni kamili," akagonga muhuri, akaniambia nizirudishe posta siku ile ile.